Hotuba ya Kuzindua Safari za Boti za Kuzamia, Bwawa la Mkondotatu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bibi Evarista, Mkaguzi Mwandamizi wa Miradi kutoka makao makuu, uliyefika na daftari lako na kalamu mbili. Mheshimiwa Diwani wetu, ambaye hayupo lakini koti lake lipo pale kwenye kiti. Mzee Saulo, Mwenyekiti wa Umoja wa Wamwagiliaji. Mchungaji na Katekista, mliokaa benchi moja kwa uhaba wa mabenchi, jambo ambalo sisi kama mradi tunalihesabu kuwa mshikamano wa madhehebu. Ndugu zangu wakulima. Ndugu zangu wafugaji. Na ninyi mnaolima na kufuga, ambao ng'ombe wenu wakiingia shambani hamna wa kumshitaki. Mabibi na mabwana, kwa kuwa muda hautoshi, niseme tu kwamba itifaki imezingatiwa, isipokuwa kwa wale kumi na wanne ambao nitawataja sasa hivi.

(Anawataja. Mtoto mmoja analala.)

Niwasalimu kwa lugha zetu. Kamwene. (Wenyeji: "Kamwene.") Mwangaluka. (Wafugaji wa Kisukuma wanaitika.) Mugonile. (Kwa Kinyakyusa anaitika Ambokile, mzamiaji wa mradi, peke yake, akiwa ndani ya bwawa.)

Kwa wasionifahamu, na sidhani kama wapo, mimi ni Nashoni, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Safari za Boti za Kuzamia Miamba ya Matumbawe na Mabaki ya Meli Zilizozama, Kanda ya Mkondotatu, mradi ambao, kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika mimi na kuipitia mimi na kuipongeza mimi, umefikia asilimia themanini na saba ya utekelezaji, huku asilimia kumi na tatu zilizobaki zikiwa ni vitu vidogo vidogo kama vile boti, wazamiaji na bahari. (Kicheko. Mratibu anasubiri kiishe.) Sikusema ili mcheke. Nilikuwa nasoma.

Mzee Saulo amenikumbusha kwamba nisivuke saa sita, kwa sababu saa sita ni zamu ya Mfereji wa Chini, na Bwana Ezron, mgawa maji, lazima afungue mlango wa bwawa ili wenzetu wa chini wapate maji. Napenda kumtoa hofu. Kwanza nitakuwa mfupi. Pili, hata nikizidisha kidogo, sidhani kama kuna mtu mwenye akili timamu atakayeondoa maji mbele ya mgeni rasmi. (Ezron, mwenye mpini wa kufungulia mlango begani, anatazama jua.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wapo watu wenye mtazamo hasi ambao wameuliza mradi wa bahari unatafuta nini huku Usangu, kati ya Chimala na Rujewa, mahali ambapo ukisema wimbi watu wanafikiri habari za redio. Nawajibu kitaalamu. Ruaha inapita wapi? Inapita hapa kwetu. Inaishia wapi? Baharini. Kwa hiyo sisi tupo baharini tayari, ila tupo upande wa mwanzo. (Makofi ya watu wawili, wote ni watumishi wa mradi.)

Sasa nije kwenye dilivarabo, yaani vitu tulivyoahidi kuleta. Andiko la mradi lilitaka boti ya kisasa ya kubeba wazamiaji kumi na sita. Hiyo mnayoiona ndiyo MV Mkondotatu. Ni kweli kwamba zamani ilikuwa tenki la maji la plastiki, na ni kweli kwamba tumelipasua katikati, lakini katika lugha ya stekiholda, yaani wadau, jambo hilo linaitwa ubunifu, na kwa kulipasua tumepata boti mbili, ambayo ni asilimia mia mbili ya lengo. Andiko lilitaka miamba ya matumbawe. Tumechukua matofali ya kuchoma yaliyobaki wakati wa kujenga choo cha mnadani, tukayapaka rangi ya waridi, ya njano na ya zambarau, tukayapanga majini, na napenda kuripoti kwamba kambale wameyapokea vizuri na hawajatoa malalamiko. Andiko lilitaka kina cha mita arobaini. Bwawa hili lina mita arobaini, Mheshimiwa, ukilipima kwa ulalo.

Kuhusu wazamiaji, tumefanya kapasiti bildingi, yaani mafunzo, ya siku nne kwa Bwana Ambokile, ambaye mnamwona pale akiwa na mtungi wake wa hewa mgongoni. (Mama mmoja: "Si bomba la kupulizia dawa hilo?") Ndiyo, mama, ni bomba la kupulizia dawa ya mpunga, lakini limeoshwa. Ambokile, hebu zama, mgeni rasmi aone.

(Ambokile: "Bosi, nimeshazama. Nimepiga magoti.")

Vizuri sana. Kaa hivyo hivyo.

Na sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nifike kwenye moyo wa mradi. Kivutio kikuu ni meli iliyozama, na watalii wanavuka mabara kwa ajili ya chuma kilicholala chini ya maji kwa karne na karne. Sisi hatukuwa na chuma hicho. Lakini Mungu si Athumani, wiki tatu zilizopita tuta la bwawa liliporomoka upande ule wa mashariki, na likaangusha majini kitu ambacho kamati yangu, katika kikao cha dharura cha mtu mmoja, ilikipitisha kuwa urithi wa taifa, ikakizungushia utepe, na ikatoa amri kwamba asiguse mtu mpaka ukaguzi upite.

(Mama Mbuke, mkulima, anasimama nyuma: "Hicho kitu ni pawatila yangu, trekta langu dogo la kulimia, Baba.")

Mama Mbuke, nitakuja kwako wakati wa maswali.

("Miche yangu ya mpunga iko kitaluni siku ya thelathini na nne leo, Mheshimiwa. Majaruba yana maji, hayajavurugwa. Ikifika arobaini hiyo si miche tena, ni majani ya ng'ombe. Mimi naomba tu nitoe kitu changu nikalime.")

Mama, nakuelewa, na ndiyo maana pawatila yako imetajwa mara kumi na moja kwenye ripoti, ingawa kwa jina la Meli ya Kijerumani. Ni mkulima gani mwingine hapa ambaye mashine yake ina heshima hiyo? Tuwe wavumilivu. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na sisi kama taasisi tumeshayavulia, hatuwezi kurudi nyuma kwa sababu ya kitalu kimoja cha miche.

(Ezron anainuka, anajipangusa suruali, anaondoka na mpini wake kuelekea mlangoni.)

Tuendelee na takwimu. Katika robo ya kwanza tumepokea wageni mia tatu na kumi na wawili waliofika hadi majini, ambapo mia tatu na watano walikuwa ng'ombe wa Mzee Sayi, lakini fomu haikuwa na sehemu ya kutofautisha. Wote walikunywa, hakuna aliyelalamika, na mmoja alirudi mara ya pili. Tumezalisha ajira elfu nne, ya moja kwa moja ikiwa moja, yaani ya Ambokile, na zilizobaki ni zile za kuzungukia. Aidha, ifikapo mwisho wa mpango mkakati, watu wa Idodi wanaopokea wageni wa mbugani wataacha kuwaonyesha tembo na watawaleta huku, kwa sababu tembo unamwona hata bila kulowa.

(Mlio wa chuma kutoka mlangoni. Maji yanaanza kunguruma mferejini.)

Naona mawimbi. Msishangae, hiyo ni dalili nzuri.

(Ambokile: "Bosi, maji yananishuka kiunoni." Baada ya muda: "Bosi, magotini.")

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, unachokiona ni kupwa na kujaa, jambo ambalo hutokea katika bahari zote zenye hadhi, na napenda iingie kwenye daftari lako kwamba limetokea Mkondotatu saa sita kamili bila msaada wa wafadhili. Ezron. Bwana Ezron. Rudisha hayo maji.

(Ezron, kwa mbali: "Zamu ni zamu, bosi. Nilipokuwa namzika shemeji yangu nilitoka kabla ya sala ya mwisho, nikaja kufungua. Wa chini wanasubiri.")

(Mzee Saulo anatikisa kichwa kukubali. Watu wanatikisa vichwa. Hapa ameshaonekana mtu akiacha harusi yake mwenyewe kwa ajili ya zamu.)

Basi, tusome hali. MV Mkondotatu imelala ubavu, jambo ambalo linatupatia meli ya pili iliyozama, bila kugusa bajeti. Matumbawe yameonekana vizuri, na ninaomba radhi kwa lile tofali lililoandikwa WANAUME. Na kule mashariki, mabibi na mabwana, naona utepe, naona matope, naona mishikio miwili.

(Bibi Evarista anasimama kwa mara ya kwanza. "Bwana Nashoni, hiyo ndiyo Meli ya Kijerumani?")

Swali zuri sana, Mheshimiwa, na lina sehemu nyingi.

("Na huku ukurasa wa kumi na tisa umeandika mradi utashirikiana na mlinzi wa mnara wa taa. Mnara uko wapi?")

Kuna taa ya mashine ya kukoboa mpunga kule Chimala, Mheshimiwa. Inaonekana mbali.

("Na papa?")

Papa, Mheshimiwa, tulipanga awamu ya pili.

(Mzee Sayi amekwishafika na jozi mbili za maksai na mnyororo wa jembe. Mama Mbuke amepandisha kitenge, yumo kwenye matope, anafunga mnyororo kwenye pawatila. Hakuna anayemtazama tena mratibu, isipokuwa Bibi Evarista.)

Nione muda. Nimalizie kwa kauli mbiu. Nikisema Zamia, mseme Uibuke. Zamia. (Watu wanatazama maksai.) Zamia. (Ambokile: "Uibuke.") Uchumi wa Buluu, kazi ya wote. Maji ni uhai, kina ni mtazamo. Mkondotatu juu. (Ng'ombe mmoja analia.)

Kwa namna ya pekee kabisa niseme asante. Nakushukuru Mgeni Rasmi kwa kutouliza la nne. Nawashukuru wenzetu wa wilaya moja ya pwani, ambao tulikaa nao kwenye wekshopu na wakaniachia andiko lao la mradi ili nilisome usiku, nami nikabadilisha jina la mahali na kulipeleka, nikasahau kufuta papa, mnara na bahari yenyewe. Nilidhani litakataliwa. Halikusomwa, likapita, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika ripoti kwa hofu, kila robo asilimia zinapanda zenyewe. Kwa hiyo nawashukuru wananchi wote kwa kuwa wadau wa mradi ambao haujawahi kuwepo. Na kitu pekee cha kweli katika ripoti yangu nzima ni pawatila ya Mama Mbuke, nayo si ya mradi. Mama, siku thelathini na nne nilikuwa nazijua. Nilikuwa nazihesabu kama wewe. Naona aibu.

(Maksai wanavuta. Pawatila inatikisika, inarudi palepale. Mama Mbuke anageuka, matope mpaka kiunoni: "Baba, ulisema mwenyewe, maji ukiyavulia nguo. Mbele wanavuta, nyuma hakuna mtu.")

Naam. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba unishikie hizi karatasi, kurasa bado zipo saba. Ambokile, shika viatu vyangu. Matope haya ni ya baridi, sikujua. Haya, Mama, nimefika. Nisukumie wapi?