Koti la Sufu la Bobini

Jumatatu, 6 Mei

Siku yangu ya kwanza peke yangu na Bobini, binti yetu wa miezi saba. Mke wangu amerudi kazini. Mama mkwe hakuridhika: mtoto alelewe kwenye chumba cha cherehani? Kasema akija Alhamisi akamkuta na kasoro yoyote, anamchukua kwake mpaka aanze kutembea. Nikamwambia aondoe shaka. Kisha nikapiga chafya tatu. Vumbi la vitambaa tu.

Nimembusu Bobini mara ishirini. Nani wa kunizuia?

Jumanne, 7 Mei

Balaa! Bobini anapiga chafya. Makamasi yanamtiririka kama maji. Chupa anaishika, anaiacha, analia. Nani kaniletea haya? Kinyozi wa mlango wa pili, bila shaka! Jana alimchungulia dirishani. Nimemwendea nikampa vidonge vyake. Akaniuliza mbona anayevuta makamasi ni mimi. Mbea huyo.

Dawa ninayo: joto. Kuna sufu iliyobaki nilipomshonea koti mwalimu mkuu. Nimekata, nimeshona, nimetia bitana mbili. Na kofia ya kushuka hadi mdomoni. Mama mkwe hataiona hata hiyo pua.

Jumatano, 8 Mei

Koti limemkaa! Mabega yamelala sawasawa. Ila kufika saa nne mtoto ni moto, jasho tupu, sauti imemkauka kwa kulia. Niliogopa, sifichi. Mbio hadi zahanati, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Muuguzi akamvua kofia. Akamvua koti. Akamvua fulana mbili. Akangoja kidogo, akapima: joto la kawaida. Akauliza nani kamfunga hivi. Nikasema simjui. Akaitazama futi.

Ni mafua tu, kasema, yataisha yenyewe. Nguo nyepesi. Maziwa kidogo kidogo, mara kwa mara. Matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa puani kabla ya kunyonya, kisha nivute makamasi kwa kipira cha kufyonzea. Asali marufuku kabla ya mwaka mmoja. Dawa yangu ya kikohozi pia. Akihema kwa shida, mbavu zikibonyea ndani, akigoma kunyonya au nepi zikikaa kavu, nirudi mbio. Nilitamani kumkumbatia. Nikampa koti kwa shukrani. Akalikataa.

Alhamisi, 9 Mei

Mama mkwe kaja mapema! Nikakanyaga cherehani kwa nguvu zote asisikie pua ya mtoto ikikoroma. Akauliza nashona nini. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Hapo Bobini akampigia chafya usoni.

Nikakiri yote. Nikangoja ambebe aondoke naye. Akanawa mikono, akaomba kipira, akamsafisha pua mjukuu wake polepole, akamlisha. Akasema mke wangu alipougua mafua utotoni, baba yake alimviringisha mablanketi matatu. Mtoto abaki hapa, kasema. Baba aliyekimbilia zahanati na futi shingoni anamtosha. Nimelia. Mbele ya kinyozi, tena, aliyeniletea chupa nzima ya maji ya chumvi. Mungu awabariki wote. Sifichi tena kitu. Sishoni tena dawa.

Jumapili, 12 Mei

Bobini anacheka, ananyonya, nepi zimelowa chepechepe. Nashukuru mpaka basi!

Mama mkwe kapiga simu. Ana mafua tangu jana. Kasema nisihangaike.

Maskini, mama wa watu! Mke wangu asijue kwanza. Sufu bado ipo, na mabega ya mama mkwe nilishayapima kwa macho Alhamisi. Safari hii bitana tatu.