Mtakatifu Joji Sharti Awe Mwingereza

Alhamisi, 16 Aprili

Kikao cha kamati ya sherehe, chumba cha nyuma cha baa. Imebaki wiki moja tu kabla ya siku ya Mtakatifu Joji, mlinzi wa Uingereza, na kama kawaida Cedric Huckle ndiye kapendekezwa kumwigiza: kupanda farasi na kuliua joka la maigizo. Mwaka wa nne mfululizo! Eti ana ndevu. Eti farasi kamzoea. Mimi mwaka jana nilishika kamba ya kuzuia watu barabarani. Mwaka juzi niligawa soseji. Mimi, niliyeuzia nusu ya mji wa Dunsley vigae vya bafuni!

Leo nilikuja nimejiandaa. Nikasimama, nikakohoa kistaarabu, nikapendekeza kanuni: Mtakatifu Joji wa Dunsley sharti awe mtu aliyezaliwa katika ardhi ya Uingereza. Hii ni siku ya taifa, nikasema, si mashindano ya ndevu. Sikumtaja mtu. Ila Beryl, mke wangu, alisikia saluni kutoka kwa mke wa Cedric mwenyewe kwamba Cedric alizaliwa Glasgow, kule Uskoti, nje ya Uingereza yenyewe. Mskoti!

Mwenyekiti wetu, Jaswinder Bains wa duka la dawa, akanitazama juu ya miwani. Akaniuliza kama nina hakika na ninachokitaka. Nikasema hakika tupu. Basi, akasema, Jumanne kila anayeitaka nafasi atasimama mbele ya watu aseme alizaliwa wapi. Ikapita.

Cedric akawa mwekundu kama msalaba wa bendera. Akaondoka bia yake ikiwa nusu. Nikaimalizia.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimetengeneza deraya yangu mwenyewe. Ya Cedric hainienei tumboni. Kifuani trei mbili za kuokea, miguuni vipande vya mfereji wa paa, vyote nimevipaka rangi ya fedha. Nilipojitazama kwenye kioo cha ukumbini nilishikwa na machozi kidogo. Ingawa huenda yalikuwa ya ile rangi.

Beryl akauliza trei zake ziko wapi. Nikamwambia taifa linazihitaji. Akasema na yeye anazihitaji, ana keki za kuoka. Tumelala bila kuagana.

Jumapili, 19 Aprili

Msiba.

Tulikwenda kula nyama ya kuoka kwa mama yangu. Mama ana miaka themanini na minane, masikio mazima, na sauti inayofika mtaa wa pili. Nikamweleza kanuni yangu. Nilidhani atafurahi. Akaendelea kumimina mchuzi juu ya viazi, taratibu, kisha akasema:

“Wewe, Norris? Wewe si ulizaliwa Rhyl.”

Nikamwambia amechanganya. Akasema mwanamke hasahau mahali alipozalia. Walikwenda likizo ya ufukweni, baba akang'ang'ania kupanda kilima kutazama mandhari, na mimi nikafika wiki tatu kabla ya wakati, katika nyumba ya wageni, mvua ikinyesha. Mkunga aliitwa Blodwen. Nusura niitwe Dafydd.

Rhyl! Welisi! Ng'ambo ya mpaka kabisa, kule kila kibao cha barabarani kimeandikwa kwa lugha mbili na ile ya kwanza haisomeki! Miaka yote hii nimewazomea watu wale kwenye raga, kumbe nilikuwa nazomea ukoo.

Beryl alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Mimi sikuweza kumeza. Nilikula kwa shida, pudini mara mbili tu.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimekwenda duka la dawa mapema kumwomba Jaswinder aifute ile kanuni. Nilimweleza kwamba nimetafakari, kwamba Uingereza ni jambo la moyoni, kwamba Cedric ni rafiki yangu wa siku nyingi. Alikuwa anahesabu vidonge, hakuinua kichwa.

Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Baba yake alipofika hapa kutoka Jalandhar, India, alikuwa wa kwanza katika mtaa ule kutundika bendera ya Mtakatifu Joji mlangoni. Watu wakamwuliza ya nani hiyo. Akawajibu kila mwaka, kwa upole, mpaka wakachoka kuuliza.

“Kwa hiyo Alhamisi uliposimama, Bwana Tranter, nilisikiliza vizuri sana,” akasema. “Kanuni ni yako. Tuione mwisho wake.”

Nikanunua dawa ya kikohozi ambayo sikuihitaji, nikatoka. Sijajisikia mdogo namna ile tangu shule.

Lakini nimepata mbinu. Hakuna anayejua habari za Rhyl ila Beryl na Mama. Beryl nimemrudishia trei moja. Mama hucheza bingo Jumanne katika ukumbi wa mbele wa baa ileile, kwa hiyo nimempigia simu kumwambia bingo imehamishiwa Jumatano. Aliniuliza kwa nini. Nikasema mabomba yamepasuka. Kwisha kazi!

Jumanne, 21 Aprili

Msiba wa pili.

Chumba kilijaa. Hata wasio wa kamati walikuja. Jaswinder akamwita Cedric kwanza. Nilitarajia atadanganya, na nilikuwa nimeandaa uso wa mshangao. Hakudanganya. Alisimama ameishika kofia yake ya chuma mikononi kama sufuria. Akasema alizaliwa Glasgow, baba yake alikuwa fundi wa meli kule, wakarudi yeye akiwa bado hajatembea. Mwenyewe hajawahi kujihisi chochote ila mtu wa Dunsley. Tangu Alhamisi hajapata usingizi. Kisha akaiweka kofia mezani, akakaa.

Mzee mmoja akamsogezea bia.

Niseme kweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: nilijisikia vibaya. Kwa muda. Kisha nikaiona ile kofia, haina mwenyewe, inang'aa.

Jaswinder akaniita. Nikasimama. Nikasema mimi ni Mwingereza kwa damu, kwa chai na kwa mvua. Akasema hilo hakuliuliza. Nilizaliwa wapi? Nikafungua mdomo. Naapa sijui ningesema nini. Kabla sijatamka neno mlango ukafunguliwa, na pale akasimama Mama na kadi zake za bingo. Alikuwa ameipigia simu baa kuuliza habari za mabomba.

“Norris, mwanangu,” akasema, “umeshawaambia habari za Rhyl?”

Kisha kicheko ambacho sijawahi kukisikia katika mji huu. Cedric alicheka kuliko wote, amejiegemeza ukutani, anafuta macho. Nilingoja waanze kunidharau. Nilingoja kufukuzwa kwenye kamati. Mama akaketishwa, akapewa kinywaji, akaombwa aanze upya tangu kile kilima.

Ikabaki kutafuta mtakatifu. Watatu wengine waliokuwa wanaitaka nafasi wakatazamana: mmoja alizaliwa kambi ya jeshi Ujerumani, mmoja Dublin, mmoja ndani ya meli. Mtu wa nyuma akauliza je, mwenyekiti mwenyewe?

Jaswinder akavua miwani. Akasema yeye alizaliwa juu ya duka la dawa. Hapa Dunsley, mlango wa tatu kutoka baa.

Alipigiwa makofi mpaka glasi zikacheza. Kisha akatugeukia mimi na Cedric, akasema joka linahitaji watu wawili.

Alhamisi, 23 Aprili

Siku yenyewe.

Cedric kapewa kichwa, mimi mkia. Nilipinga. Ikaamuliwa nina umbo la mkia. Ndani ya vazi la joka mna giza, joto, na harufu ya zulia kuukuu, na mbele yangu mna makalio ya Cedric Huckle tu.

Barabara nzima bendera. Matarumbeta, watoto wamepakwa msalaba mashavuni, moshi wa soseji. Hayo yote nimeelezwa. Niliona viatu tu. Ila nilisikia Jaswinder alipotokea juu ya farasi. Kelele zilikuja kama wimbi, zikapita juu yetu, hazikukoma. Kwenye tundu la mgongoni nikamwona kidogo: deraya ya Cedric juu ya nguo nyekundu ya harusi aliyoazima kwa mkwewe, upanga juu. Mama yake Jaswinder ameketi kwenye kiti mbele ya duka, chini ya bendera, analia waziwazi. Nikafunga tundu. Halikuwa jambo langu la kutazama.

Tukiwa kona ya kanisa Cedric akaongea bila kugeuka. Akasema nisimwambie mtu, lakini miaka mitatu yote alikuwa anamwogopa yule farasi kupita kiasi. Usiku wa kuamkia sherehe alikuwa anatapika. Jana kalala kama mtoto mchanga.

“Kwa hiyo umenisaidia, Norris. Ulikusudia kunimaliza, lakini umenisaidia.”

Nikamwomba radhi. Ni rahisi kumwomba mtu radhi usipomwona uso. Akasema yaishe, niangalie nisimkanyage.

Kisha upanga ukatugusa, tukaanguka. Cedric alianguka kisanii. Mimi nilianguka kweli. Tulilala pale kwenye lami, watu wakishangilia kifo chetu, na nikajikuta natabasamu gizani. Hakuna cha kuficha. Hakuna wa kumkwepa. Mpeleka barua, tulipotolewa, aliniita Dafydd na kuniwekea bia mkononi. Mwingine akaniuliza kama Rhyl bado mvua inanyesha. Hakuna aliyenuna. Beryl akaja, akanifuta rangi sikioni, akaniambia nilikuwa mkia mzuri. Sijui lini mara ya mwisho nilipumua hivi.

Nimejifunza. Naandika hapa ili ijulikane: vyeo si kitu. Nimetosheka.

Ijumaa, 24 Aprili

Asubuhi nimefikiri.

Wawelisi nao wana mtakatifu wao, tarehe mosi Machi. Na kwenye bendera yao kuna nini? Joka! Nani katika mji huu amezaliwa Welisi na tena ana uzoefu wa joka? Kuna chama chao kidogo, hukutana kanisani Alhamisi. Wanachama sita. Mwenyekiti na kiongozi wa maandamano yao ni bibi mmoja, Gwyneth Pugh, mpole, anaimba vizuri. Nyonga yake moja mbovu.

Beryl kaniuliza kama najua hata neno moja la Kiwelisi. Nimemwambia tuna muda mpaka Machi, na kwamba kiongozi wa maandamano anahitaji miguu kabla ya maneno. Wiki ijayo nitajiunga, na nitapendekeza kanuni ndogo kuhusu nyonga. Sitamtaja mtu.

Nyonga zangu mimi ni nzima kabisa. Naandika haya nimelala chali sakafuni kwa sababu tu ya lile anguko la jana: siwezi kuinuka.