Betri Uliyoing'oa Imemwaibisha Edith

Kasense, Sumbawanga
1 Januari 1980 (usishangae, soma namba 2)

Kwa Ndugu Fundi Lugano, ambaye pia ni shemeji yangu,

Pokea salamu za heshima, ingawa nimekasirika. Dada yako Rose amenisihi nisiandike. Nimeandika.

Majuzi uliifungua kompyuta yangu ya mwaka 1993 kabla hata hujamaliza chai, ukang'oa betri yake ndogo ya kutunza saa na tarehe, ukasema betri za zamani huvuja na kula bodi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Betri ile imekaa mle miaka thelathini na haijawahi kuvuja hata tone. Ulinikabidhi mkononi ikiwa kavu kabisa, shemeji! Kosa lake nini?

2. Tangu siku hiyo, kila nikiwasha, mashine inaamini leo ni tarehe mosi Januari 1980. Naisahihisha, umeme unakatika, inarudi kulekule. Haioni hata aibu.

3. Barua ya kuwajibu wakwe watarajiwa wa Kipili, kwamba posa ya Edith tumeikubali, imekwenda na tarehe hiyo. Mwaka 1980 mimi nilikuwa na miaka minane, na Edith hata kuwazwa bado! Mshenga wao, mzee Maganga, amekuja kuuliza mbele ya majirani: kama binti amekubaliwa posa tangu enzi hizo, huyo mchumba wa kwanza yuko wapi? Mwanangu amelia hadi macho yamevimba. Nimeumia, Lugano.

4. Kwa hoja yako, kila kilichozeeka kitolewe kabla hakijavuja. Basi nikuulize kwa adabu: figo zangu utakuja kuzitoa lini? Na mama mkwe umempangia siku gani?

Wakwe wanakuja Jumamosi kusikia maelezo. Naomba ufike mapema, uirudishe betri ileile mahali pake, kisha usimame mbele yao ukiri kwamba mwenye makosa ni wewe, si binti yangu.

Wasalimie Elizabeth na watoto wote. Mama mkwe mwambie ulezi wake wa uji upo tayari.

Ni mimi shemeji yako, mwenye uchungu mwingi na upendo uliobaki kidogo,
Zenon

N.B. Usiirudishe. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la shughuli, isipotee. Leo naitoa, kumbe imevuja maji ya kijani, imekula mfuko, bitana na ubavu mzima wa koti. Rose anacheka tangu asubuhi, hata hajapika. Jumamosi njoo na koti lako jeusi, nitalivaa mimi. Wewe utakaa jikoni.