Boti ya Abelardo Chini ya Maji

Jumatatu, 3 Juni
Mvua. Nimepata kazi! Ni kwenye meli ya upimaji inayotafuta njia ya kulaza waya wa simu chini ya bahari, na mimi ndiye mshusha sona. Sona yenyewe ni bomba la chuma lenye mapezi, linavutwa kwa kebo nyuma ya meli. Linapiga sauti kushoto na kulia, na mwangwi unaorudi unachora sakafu ya bahari kwenye kioo. Wenyewe wanaliita samaki. Mshahara mdogo, lakini sikuufuata mshahara. Namtaka Abelardo. Huu mwaka wa tatu tangu apotee pamoja na boti yake. Otilia, mkewe, si mke wala si mjane. Hakimu kamwambia alete ushahidi kwamba boti imezama, ndipo ampe hati ya kifo. Nikiuleta mimi, Otilia atanitazama. Nimengoja miaka kumi na tisa. Inaniuma kuiandika namba hiyo.

Jumanne, 4 Juni
Kutwa tumevuta samaki kwenye ghuba kuu. Matope. Matope. Tairi moja. Mhandisi Ximena, bibi wa mjini Valparaíso, kaniona nimemwinamia begani akaniuliza natafuta nini kwenye kioo chake. Nikasema napenda kujifunza. Akasema basi nijifunze kufunga kebo, maana asubuhi nusura nimpotezee samaki wake.

Jumatano, 5 Juni
Huyu Baudilio! Seremala mzima, naye anamtaka Otilia, kila wiki anampelekea kuni zilizokwisha pasuliwa. Mnafiki. Leo kafanya mambo ya wazee: kawasha mshumaa ndani ya bakuli la mti, kaliachia majini. Linaposimama, eti ndipo alipo aliyezama. Likaenda likasimama ghuba ndogo ya Pailaco, ambako maji hutulia kama ya beseni. Nilicheka mbele ya watu wote. Nikamwambia huko hata bata hajawahi kuzama. Kisha nikaenda kwa mhandisi, nikamwambia Pailaco kuna mwamba ambao haumo kwenye ramani.

Alhamisi, 6 Juni
IMEONEKANA! Pailaco, kina cha mita kumi na nane. Kwanza kivuli cha mlingoti, kirefu, halafu boti nzima, imekaa wima. Nilipiga kelele mpaka mpishi akamwaga supu. Mhandisi aliuliza mwamba uko wapi. Nikasema labda umesogea. Hakucheka, lakini alinichapia picha. Alitaka kunionyesha jambo fulani ndani yake. Sikungoja. Nilikimbia nayo kwa Otilia. Akaishika kwa mikono miwili, akalia bila sauti. Nami nililia, sikatai. Kisha nikatangaza matanga, gharama zote juu yangu. Baudilio nimemwalika. Aje aone.

Ijumaa, 7 Juni
Siku mbaya kuliko zote.
Nyumba ilijaa. Suti ya Abelardo ililazwa mezani, viatu chini yake, mishumaa minne pembeni, kama tunavyomfanyia marehemu ambaye maiti yake haikupatikana. Nilikaa karibu na Otilia kuliko Baudilio. Moyoni nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Ndipo akaingia mhandisi kutoa rambirambi. Mtu mwema. Wakamwomba aieleze ile picha. Akaweka kidole: mstari huu mwembamba ni mnyororo, umenyooka, na mwisho wake nanga imeshika vizuri. Hapa nyuma ndipo hufungwa mashua ya makasia. Ni patupu.
Watu wa hapa hawahitaji kumaliziwa maneno. Anayezamishwa na dhoruba hatii nanga kwanza, tena kwenye ghuba tulivu. Huyu kaitoboa boti mwenyewe, akapiga makasia akaenda zake. Hortensia, ambaye kijiji kizima humwita shangazi, akakohoa, akasema kumbe mwanawe hakukosea. Mwaka jana aliandika kwamba kamwona Abelardo mjini Punta Arenas, mbali kule kusini, kwenye machinjio ya kondoo, kanenepa. Wakamjibu akapimwe macho.
Otilia akainuka. Akaichukua suti, akaikunja taratibu.
"Mshenzi yu hai," akasema. "Na viatu vyake nimevipiga rangi leo asubuhi!"
Akaipuliza mishumaa yote minne. Tukabaki gizani na mvua. Baudilio alikula mikate sita ya viazi, yote ya pesa yangu.

Jumapili, 9 Juni
Nimefukuzwa kazi kwa sababu ya mwamba. Nimelala kuelekea ukutani siku mbili.
Jioni Otilia kaniita. Moyo uliruka! Alikuwa na barua mkononi. Anataka Abelardo arudi nyumbani, hata na unene wake. Amesema bado anampenda, akauficha uso kwa aproni. Sikujua nitazame wapi. Anahitaji mtu wa kuifikisha Punta Arenas, mkono kwa mkono. Baudilio alikataa, kasema yeye si mjinga. Mimi nimekubali papo hapo. Maskini Baudilio, haoni bahati ikiwa mbele ya pua yake! Barua nitaificha. Nitamshawishi Abelardo atie sahihi talaka, na kabla ya baridi kwisha nitarudi nayo mfukoni. Haitakuwa kazi. Abelardo hunisikiliza tangu ujana wetu. Hata barua ya kumposa Otilia, mimi ndiye niliyemwandikia, na mimi ndiye niliyeipeleka.