Kunguni Hawaingii kwa Msomi

Jumapili, tarehe 6 Oktoba

Nimeamka na vipele mkononi, vimejipanga kwa mstari ulionyooka. Mbu, bila shaka. Luc, jirani yangu wa ukuta mmoja, dereva wa pikipiki, amevitazama mara moja tu huku akipiga mswaki, akatamka: kunguni. Kunguni! Mimi! Mwenye licence, shahada kamili, ya falsafa, tena kwa distinction!

Nimemwekea hoja kwa utaratibu. Kunguni huishi penye uchafu. Mimi naoga asubuhi na jioni, na soksi zangu hupigwa pasi. Kwa hiyo ni mbu. Luc akatema povu, akauliza: “Mbu gani inatembea kwa mustari sawa vile batoto ba masomo?” Mtu asiyejua mantiki hajibiwi, huhurumiwa.

Jioni, habari kubwa. Wivine wangu amepiga simu. Shangazi yake, Tantine Micheline, anakuja kutoka Butembo siku ya Ijumaa. Huyo ndiye aliyemlea Wivine, na bila neno lake Papa Kakule, baba mzazi, hapangi tarehe ya posa. Tena Tantine hataki hoteli wala nyumba ya kaka yake. Anataka kulala kwangu, kitandani pangu, usiku mmoja. Wivine anasema Tantine ana falsafa yake: mwanamume humjui kwa maneno yake, unamjua kwa shuka zake.

Mimi nitahamia kwa jirani usiku huo, kama adabu inavyotaka. Shuka zangu hazina wasiwasi. Wala mimi.

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Nimemwona mmoja. Mwekundu, bapa, mwenye kujiamini. Alikuwa akipanda mto wangu kama mkaguzi wa shule.

Nakiri jambo moja tu: yupo mdudu mmoja, tena mpita njia. Asili yake haina utata. Ukuta ni wa mbao, na upande wa pili analala Luc. Ameruka kutoka huko.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mama Mukashyaka, mwenye parcelle yetu, yaani kiwanja na vyumba vyake vyote, aliyekuwa akipima mkaa mlangoni. Nimemwomba, kwa lugha ya heshima, amfanyie Luc usafi wa lazima. Akaniuliza kama nasema kunguni ameruka. Nikasema ndiyo, kwa mabawa. Akaweka kopo la mkaa chini ili acheke vizuri. “Kunguni iko na mabawa? Kesho utaniletea na mbuzi yenye kuruka!”

Nikamweleza kwamba kila kinyonya damu huruka, tazama mbu. Akauliza kama kupe nao wanaruka. Swali la kijanja, lisilo na msingi.

Shauri lake: nitoe kitanda nje, nikifungue kila kiungo, nimwagie maji yanayochemka, nichemshe na nguo zote, na parcelle nzima ifanye hivyo siku moja, maana wale wadudu hawajui mpaka wa mpangaji. Yaani niweke godoro langu juu ya mawe meusi ya uwanja, mchana kweupe, majirani wapite wakihesabu madoa! Hiyo si dawa. Hiyo ni kitubio cha hadharani. Nimekataa.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Nimetumia akili badala ya maji ya moto. Kunguni huogopa mwanga, hili linajulikana. Umeme ulikuwa umekatika, basi nimejifunga tochi kichwani na kulala nayo ikiwaka. Matokeo: wamekula mezani, taa ikiwaka, kama watu wa heshima. Betri imekwisha. Faida moja: nimewaona vizuri. Si mmoja.

Hatua ya pili, usiku huohuo: makopo ya maji chini ya miguu ya kitanda. Kitanda kimekuwa kisiwa. Nimelala kifalme, blanketi ikining’inia hadi sakafuni, kichwa kimeegemea ukuta. Wamenifikia.

Hitimisho: wanaogelea.

Luc amechungulia mlangoni, akaona makopo, akaniuliza kama ninafuga sambaza, wale dagaa wa ziwani. Kisha akanipigia kelele mbele ya wapangaji wote: “Weye Licencié, usiku unasoma vitabu, kunguni nazo zinakusoma weye!” Wamecheka hadi wanawake waliokuwa wakifua. Nimefunga mlango taratibu, kama mtu aliyekuwa anataka kuufunga tangu zamani.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Wazo la ajabu kwa urahisi wake. Kunguni anaishi kwa damu. Mwenye damu akiondoka, kunguni hufa njaa. Kuna haja gani ya kupigana na adui ambaye unaweza kumnyima chakula?

Nitaiacha nyumba tupu mpaka Ijumaa. Nimempelekea Luc maneno ya upatanisho: nimesema ndugu hawawezi kuishi ukuta mmoja wakinuniana, na kwamba ningependa kulala kwake nimjue vizuri zaidi. Ameniuliza kama nimekunywa. Lakini moyo wake ni mwepesi, ametandika mkeka. Nimehamia na blanketi yangu, mto wangu, na begi la nguo.

Mama Mukashyaka, aliponiona nikivuka uwanja na mto kichwani, akauliza ninakokwenda. Nilipomfafanulia mbinu, akasema kibanda cha kaka yake kule Birere kilifungwa msimu mzima, na walipokifungua kunguni walikuwa wanawangoja mlangoni, wembamba lakini wazima. Nikamjibu kwamba huo ni ushuhuda wa mtu mmoja, si utafiti.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Ushindi! Luc ameamka akijikuna shingo, mgongo, na mahali ambapo adabu hairuhusu kuandika. Ushahidi kamili kwamba chanzo ni nyumba yake! Nimempongeza kwa kuugundua ukweli.

Hakuupokea kama msomi. Ametoka nje kifua wazi, akawaonyesha watu vipele, akisema hajawahi kuumwa na kitu humu ndani mpaka blanketi ya Licencié ilipoingia. Nikamwambia ni kosa la kawaida katika mantiki: kitu kuja baada ya kingine haimaanishi kimeletwa nacho. Akasema atanionyesha kitu kingine kitakachokuja baada ya kingine, akaanza kukunja ngumi. Nimerudi kwangu, na begi langu, na blanketi yangu. Nyumba ilikuwa na utulivu wa kunipa matumaini. Kimya. Wamekufa wote, bila shaka.

Hawakufa.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Asubuhi nimekipaka kitanda kizima mafuta ya taa. Viungo, mbao, hata upande wa chini wa godoro. Harufu imepanda hadi kwa jirani wa tatu. Nimeifunika kwa manukato niliyopewa na Wivine. Chupa nzima. Sasa nyumba inanuka kama harusi iliyofanyika ndani ya gereji.

Tantine Micheline amefika alasiri. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya soko, mfanyabiashara wa vitenge. Kwa kuwa barabara ya moja kwa moja imefungwa, amezunguka kupitia Uganda na Rwanda kama kila mtu siku hizi, na amevuka mpaka na mizigo ambayo mimi nisingethubutu hata kuisukuma. Amesimama mlangoni, akanusa, akaniuliza kama nimeacha falsafa nikawa kadafi, muuzaji wa mafuta kwenye chupa kando ya njia. Nimesema ni dawa ya mbao. Akasema vizuri, lakini mutu asilete kibiriti humu.

Amekula vizuri. Amesifu maharagwe. Ameniita “Lévi yangu”. Baada ya chakula akaniuliza, bila haraka: “Mutoto yangu, humu muko kunguni?”

Nikasema hapana, Tantine.

Nalala jikoni kwa Mama Mukashyaka, kati ya magunia ya mkaa. Luc hajafungua mlango.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Tantine ameamka bila kipele hata kimoja! Mikono laini, shingo laini. Nimemkagua kwa macho, kwa heshima, kutoka mbali. Palipo na kunguni pana vipele; vipele hakuna; basi kunguni hakuna. Mafuta ya taa yameshinda. Sayansi imeshinda.

Hata hivyo alikikung’uta kitenge chake juani kwa nguvu nyingi, akikagua kila pindo. Kisha akakaa kwenye kiti cha Mama Mukashyaka, akaniuliza tena: “Lévi, muko kunguni?” Nikamweleza kwa urefu uhusiano kati ya kunguni na ustaarabu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza mara ya tatu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekufungulia mlango na kusubiri upite.

Nikasema hapana.

Jogoo wa jirani akawika. Saa nne asubuhi! Jogoo huyo hana mpangilio.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Baada ya misa, kikao nyumbani kwa Papa Kakule, mtaa wa Keshero. Shati jeupe, tai. Wivine amenikalisha karibu naye, uso uking’aa. Tantine akaanza kutoa ripoti: kijana ana heshima, anapika, shuka safi. Papa Kakule akatikisa kichwa kwa furaha. Nilianza kufikiria Desemba.

Ndipo Tantine akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha karatasi, akakikunjua mezani, karibu na soda yangu, chupa ya sucré. Kunguni.

Akasema alikuwa nao usiku mzima. Akasema ngozi yake haivimbi, tangu utotoni. Dada yake akilala kitanda kimoja naye huamka amevimba kama andazi, yeye anaamka hivi. Akasema kunguni si aibu: amewakuta hotelini, kwa masista wenye sakafu ya kujiangalia, hata ndani ya marobota yake ya vitenge. Wanapanda begi la tajiri na la maskini. Kilichomuumiza ni kwamba amemuuliza kijana mara tatu, na kijana amemlaza juu yao akitabasamu. “Kesho mutoto akiwa na homa, ataniambia ni joto ya ustaarabu?”

Papa Kakule alicheka kidogo, kisha akasema jambo ni jepesi. Niseme tu, mbele yao: niko na kunguni. Kesho Tantine, Wivine na wote watakuja kuchemsha maji, na tarehe itapangwa leo hii. Wivine akanikanyaga mguu chini ya meza. Akanikanyaga tena. Macho yake yalikuwa yakiniomba maneno matatu tu.

Nikaomba kwanza kukichunguza kielelezo. Nikakiinua kwenye mwanga. Nikasema, kwa maoni yangu, ni mbegu ya ufuta.

Mbegu ikatembea.

Nikasema basi ametoka Uganda.

Papa Kakule ameinuka, akanishukuru kwa kuja. Tarehe haijapangwa. Wivine hakunisindikiza hata hadi lango. Lakini nashuhudia hapa kwamba hoja ya Uganda haikujibiwa na mtu yeyote.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Fujo uwanjani tangu asubuhi. Mama Mukashyaka amewasha majiko yote. Vitanda viko nje, magodoro juu ya mawe, masufuria yanachemka. Luc anabomoa kitanda chake kwa nyundo, akiimba. Na ni nani anayemshikia mbao? Tantine Micheline! Na nani anamwaga maji kwenye viungo, kitambaa kichwani, akicheka? Wivine!

Nimewatazama kupitia ufa wa ukuta. Nimevaa tai.

Wivine akaja kugonga. Aliongea kupitia mbao, polepole. Alisema maji bado yana moto. Alisema hahitaji hotuba. Nifungue tu mlango, tubebe godoro pamoja, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, na jioni atamwambia baba yake nimesema. Nikamjibu kwamba godoro langu halina la kutubu.

Aligonga mara moja zaidi. Kisha nikasikia hatua zake zikirudi kwa Luc, na Luc akimwambia kitu, na wote wakicheka.

Wacha wacheke. Wanafanya kosa kubwa, na watakuja kulijutia. Wanawafukuza kunguni wa parcelle nzima kwa siku moja, bila kujiuliza wadudu hao wote watakwenda wapi jioni. Mimi nimekwisha kulifikiria. Kwangu hawawezi kuja. Mimi ni msafi.