Ombi la Kuachana na Mke Wangu Saa Moja Kila Jioni

Panda, Likasi, tarehe 21 Novemba 1994

Kwa Mzee Adrien Kalenga,
Mjomba wa mke wangu na mkubwa wa ukoo,
Kapolowe, karibu na misheni

Kuhusu: Ombi la kuachana na mke wangu Blandine kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja

Nakala kwa: Padri wa parokia (kwa kumjulisha tu, asijibu)

Mheshimiwa Mzee,

Mkono unaoandika barua hii ni mzima, tumbo ndilo linalolalamika. Watoto hawajambo na mpwa wako hajambo. Natumaini huko kwenu mvua imeanza vizuri na macho yako yanaendelea kupona, maana barua ni ndefu. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Mimi Godefroid Banza, fundi wa mashine katika karakana ya kampuni, mume wa Blandine kwa miaka kumi na mmoja, naomba ukoo wako unipe talaka. Usishtuke. Naiomba kwa saa moja tu kwa siku, na nitakuwa namrudia mke wangu kila jioni nikishanawa mikono. Sababu ni dada yako Mama Émérence, mama mkwe wangu, ambaye sina neno baya hata moja juu yake. Kosa lake ni kwamba anapika vizuri mno.

Unajua alivyokuja. Mwezi wa tatu, kampuni ikiwa imeshasahau kutupa posho na mshahara pia, aliteremka kwenye lori mbele ya nyumba yetu na gunia la mihogo mikavu, mchi, na kinu kilichofungwa kwa kitenge kama mtoto. Alisema amekuja kutulisha wiki mbili. Sasa ni miezi minane, na bila yeye tungekuwa tunakula pumba.

Unaijua pia desturi, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu hali mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hali mbele ya mkwe. Hatutazamani usoni, hatusemezani, na tukikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Zamani haikuwa taabu. Yeye alikuwa Kapolowe, mimi nilikuwa Panda, na kati yetu palikuwa na nafasi ya kutosha kwa heshima yote. Sasa tuko katika nyumba ya kampuni yenye vyumba viwili, kimoja cha vitanda na kimoja cha meza. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, ili usipotee.

1. Sombe. Naanza nayo kwa sababu ndiyo chanzo cha yote. Saa tisa mchana nasikia mchi uani. Dada yako hatwangi kwa haraka. Hutwanga majani ya muhogo mpaka yanaacha kuwa majani, kisha huyachemsha sufuria ikiwa wazi ili ukali utoke, anatia chumvi ya majivu kwa ncha ya kisu, karanga alizotwanga mwenyewe, na samaki wa moshi kutoka ziwa la kwenu, aliyevunjwavunjwa kwa vidole. Mawese huja mwisho. Mawese yakishaingia, harufu inapita chini ya mlango, inafika kitandani nilikojilaza, na tangu hapo mimi si mtu wa kusemeshwa. Bukari anaisonga kwa unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo, laini, tonge linakubali kidole gumba bila kubishana. Blandine pia anapika, simsemi vibaya. Akipika yeye, tunakula. Akipika mama yake, tunanyamaza. Sasa fikiria, Mzee: chakula hicho kikishaiva, Blandine ananipa sahani yangu mlangoni na kuniambia, kwa jina la binti yetu Mimi, "Baba Mimi, kamata, toka inje. Mama anapenda kuingia."

2. Mahali pa kula. Uani ni kwa dada yako: mbabula yake ya makaa, kuni zake, kinu chake. Ndani, saa hiyo, anakaa mezani na binti yake na wajukuu. Kwangu imebaki mbele ya nyumba, kando ya barabara ya kambi ya wafanyakazi, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwanamume wa miaka arobaini na miwili, mwenye meza, akila juu ya ndoo kila jioni, watu wanaelewa jambo moja tu. Katika wiki ya pili walikuja wazee wawili wa parokia kunipatanisha na Blandine. Niliwaeleza kwamba tunapendana sana. Walitikisa vichwa kwa huruma, wakaitazama sahani, wakaniambia ndoa ni kuvumiliana. Walipoondoka samaki alikuwa amekwisha.

3. Neno "karibu". Anayekula hadharani hana budi kumkaribisha anayepita, ndivyo tulivyolelewa. Zamani neno hilo halikumpunguzia mtu kitu. Ulisema "Karibu", mwenzako akajibu "Aksanti, nimeisha kula", kila mmoja akaendelea na njia yake. Mwaka huu ukisema "Karibu", mtu hajibu, ananawa. Jirani yangu Bertin, aliyekuwa dereva wa kampuni, mara ya kwanza alipita kwa bahati. Mara ya pili alipita na kigoda. Sasa anakuja na kopo lake la maji ya kunawa, na juzi aliniita kaka na kulalamikia chumvi, "Yaya, leo munyu iko kidogo." Dada yako, akiwa ndani, anaona kupitia dirisha jinsi sahani inavyomalizwa, na mimi hapo nimepata matonge manne. Blandine ananiambia niache kukaribisha watu. Mke wangu ni mwerevu, lakini hajawahi kula sombe mbele ya mtu anayemeza mate.

4. Mvua. Imeanza. Nakula chini ya kipande cha bati ninachokishika juu ya kichwa. Mkono mmoja bati, mmoja sahani, mmoja tonge. Hesabu mwenyewe. Bertin amejitolea kunishikia sahani.

4 bis, yaani namba nne ya pili. Njia nilizojaribu kabla ya kukusumbua. Nilifunga shuka katikati ya meza, kutoka msumari hadi msumari. Dada yako akakaa upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Desturi inakataza kuonana, na shuka ilikuwa nzito, hatukuonana. Lakini nilimsikia akitafuna, naye akanisikia. Kwa heshima akaacha kutafuna. Kwa heshima nami nikaacha. Tulikaa hivyo na matonge mdomoni, hakuna aliyethubutu kumeza wa kwanza, mpaka binti yetu Mimi alipouliza, "Mama, banasali?" Blandine aliiondoa shuka, kwa kuwa hata hivyo ilikuwa ya kitanda chetu.

5. Sherehe. Najua utaniambia nisubiri siku ya kumfungulia mkwe mlango, ile siku ambayo mama mkwe anampikia mkwe wake mbele ya ukoo, anamwonjesha, na tangu hapo wanaweza kula chini ya bati moja. Umeniambia hivyo tangu mwaka 1983. Jogoo wa kwanza niliyemleta alikuwa mwekundu, mkataka mweupe. Nilipoleta mweupe, wewe ulikuwa Lubumbashi kwa ajili ya macho. Sasa jogoo hayupo wa rangi yoyote. Na hata angekuwepo, sherehe hiyo inataka ukoo mzima ule na ushibe. Mwaka huu ukiita watu thelathini wanakuja sitini, na wakishaona chakula hawarudi kwao.

6. Ombi lenyewe. Ndipo nikafikiri kifundi. Mashine ikikwama hubomoi karakana. Unatafuta kipande kinachokwamisha, unakitoa, unafanya kazi yako, unakirudisha. Kipande kinachokwamisha hapa ni ndoa yangu. Mama Émérence ni mkwe wangu kwa sababu moja tu, nayo ni Blandine. Nikiachana na Blandine saa kumi na mbili kamili, dada yako anakuwa mama yeyote wa Kapolowe, nami fundi yeyote wa Panda, na hakuna desturi inayowakataza watu wawili wasio na uhusiano kula sombe meza moja. Saa moja kamili namwoa tena. Masharti nimeyafikiria. Mbuzi wawili wa mahari msinirudishie, najua mliwala siku ileile. Dada yako asinikasirikie kwa kumwacha binti yake, au basi asikasirike kabla sijapakuliwa. Siku za uyoga, ambao umeanza kuuzwa njiani, naomba talaka iongezwe nusu saa, kwa kuwa uyoga hauliwi mbiombio.

Bertin aliposikia shauri hili alifurahi kuliko nilivyotarajia. Aliuliza kama mtu mwingine anaruhusiwa kumwoa Blandine katika saa hiyo iliyo wazi, hata kwa dakika ishirini. Nilimjibu kwa upole kwamba akimwoa, Mama Émérence atakuwa mkwe wake, na yeye ndiye atakayetoka nje na sahani, halafu mimi ndiye nitakayekuwa napita njiani. Alifikiri kidogo, akaliondoa ombi lake.

7. Pingamizi la Padri. Padri hakunisikiliza hadi mwisho. Alisema mtu hawezi kuwa na mke na kutokuwa naye siku hiyohiyo. Nilimwuliza: na kazi je? Kila asubuhi naenda karakana, nakaa kando ya mashine isiyozunguka, sipewi posho, silipwi, na jioni narudi nyumbani nikiitwa mfanyakazi. Ikiwa mji mzima unaweza kuwa na kazi bila kazi, mimi nashindwaje kuwa na ndoa bila ndoa kwa saa moja? Padri alisema ataniombea. Kisha akauliza tunakula saa ngapi.

Mzee, nisamehe nikisema waziwazi. Mimi nina uchungu. Zamani siku yangu ilikuwa na mambo mengi ya kunifurahisha: king'ora cha asubuhi, mashine ikiitika, posho mwisho wa mwezi, mpira Jumapili. Yote yameondoka moja moja. Limebaki tonge lile la jioni, na ninataka kulila nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, mezani, meza niliyoiranda kwa mikono yangu, watoto wangu wakiwa pembeni. Sidhani kama ni ombi kubwa.

Nangojea talaka yangu kwa unyenyekevu. Nisalimie mama wa nyumbani kwako, wanao wote kwa majina yao, masista wa misheni, mwenye lori, na yule mzee anayekausha samaki, umwambie asibadilishe kuni anazotumia. Wote wa hapa wanakusalimu, pamoja na Bertin, ambaye amesimama nyuma yangu akisubiri nimalize kuandika.

Wako katika ukwe na katika njaa,

Godefroid Banza, Baba Mimi
Fundi (mashine imesimama)

Nyongeza, tarehe 23. Posta ya hapa haipeleki barua tena, kwa hiyo nilitafuta mtu anayesafiri kuja kwenu. Amepatikana mmoja tu, naye ni dada yako. Barua hii basi imekufikia ndani ya kitenge, pamoja na kinu na mchi, na aliyeileta hajui kusoma. Blandine amemwambia ni barua ya salamu. Tafadhali mpe kiti, amechoka.

Anaondoka kwa sababu yangu. Leo asubuhi Blandine amenieleza maneno ya mama yake juu yangu, mkwe wake: "Muko yangu hapendake chakula yangu. Kila siku anakimbia nayo inje, anamulisha Bertin. Miye narudia kwetu." Blandine alijaribu kumweleza, lakini mama yake alijibu kwamba binti lazima amtetee mume wake. Miezi minane ametwanga, miezi minane ameniona dirishani nikigawa sahani yake, na miezi yote hiyo sikuweza kumwambia asante, kwa kuwa hatusemezani.

Jana jioni alipika mara ya mwisho, kisha akabaki uani kufunga mizigo, hakuingia mezani. Kwa hiyo nilikula ndani. Nilikaa kwenye kiti changu, mezani, watoto pembeni, sahani ikiwa yangu peke yangu, sawasawa na nilivyoomba. Kabla ya tonge la pili nikawasogezea watoto sahani.

Mzee, futa namba zote kuanzia ya pili. Talaka siitaki, hata ya dakika tano. Msomee dada yako namba ya kwanza tu, kwa sauti, polepole, hasa pale panapoingia mawese, umwambie ni maneno yangu mimi. Pale panapotajwa Blandine unaweza kuruka, maana naye ameanza kuuliza nimeandika nini. Kisha umpandishe kwenye lori la Ijumaa pamoja na kinu chake. Mwambie ndoo iko mahali pake mbele ya nyumba, na akifika saa kumi na mbili atanikuta nimeikalia, hata kama mvua inanyesha.