Alizaliwa, Alisoma, Alipenda Watu

Jamaldini Abdulkadiri alikuwa na blogu isiyo na makala hata moja. Ilikuwa na wasifu wa mwandishi tu, na wasifu huo, kwa maoni yake mwenyewe yasiyo na upendeleo, ulikuwa ndio maandishi bora kuwahi kutoka Dodoma.

Ilikuwa miaka ile shirika la umma likiuzwa asubuhi, ikifika mchana waliokuwa wafanyakazi wake wote ni wakurugenzi wa kampuni zao. Jamaldini alikuwa karani wa ghala. Walipompunguza kazini aliondoka na koti la kaki lenye mifuko minne, na muhuri mmoja ambao hakuna aliyekumbuka kumdai. Sasa alikuwa na kiti cha kudumu kwenye intaneti kafe ya Bi Kuluthumu, akiwaandikia wasifu wale waliofungua blogu wakakwama kwenye kile kisanduku cha "Kuhusu Mwandishi". Mtu anaweza kumsema jirani yake mchana kutwa bila kupumua, lakini mwambie ajieleze mwenyewe kwa mistari mitano uone jasho linavyomtoka. Hapo ndipo Jamaldini alipopatia riziki.

Siku hiyo aliingia mama mmoja mwenye mkoba wa nailoni, akazitazama kompyuta kama anayemtazama mbwa wa watu.

"Mbukwa," alisalimu. "Wewe ndiye unayeandika watu?"

"Mbukwa, mama. Naandika watu mpaka wanajishangaa."

Aliitwa Tabu, na alitoka Bahi. Chama chao cha wakulima wa mpunga, alisema, kinatafuta mshauri. Nyumba ipo, pikipiki ipo. Wazee wanataka tu kuusoma wasifu wake kwenye karatasi, maana mambo ya blogu wanayasikia redioni.

Jamaldini alimeza mate. Miaka minne alikuwa akiwagawia wengine vyeo, na leo cha kwake kimemfuata kwa miguu, tena kimejifunga kanga. Akausoma kwa sauti nzito: "Dakta Jamaldini Abdulkadiri alizaliwa Chemba. Alisoma ng'ambo. Aliwashauri wakulima wakubwa kwa wadogo. Alipenda watu wote."

"Mbona yote ni ali, ali?" Tabu aliuliza.

"Ndiyo lugha ya kitaalamu, mama. Kwenye wasifu mzuri mtu hajitaji 'mimi'. Anajisema kama anamsema mwingine, kwa heshima."

"Ahaa. Basi ongeza kwamba alitupenda zaidi watu wa Bahi."

Akaongeza.

"Na mke? Wazee wetu hawamwamini mwanaume asiye na mke."

"Mke bado sijajaliwa."

"Weka jina lolote. Weka hata Tabu, si mfano tu?"

Jamaldini, ambaye hakuna mwanamke aliyewahi kumtania hivyo tangu apunguzwe kazi, aliandika "mkewe mpenzi, Bi Tabu" huku masikio yakimwaka. Akauchapa, akaambatisha picha yake akiwa ndani ya koti la kaki.

"Gonga na muhuri," Tabu alisema. "Kwetu karatasi isiyo na muhuri tunafungia karanga."

Akagonga muhuri mara mbili.

"Uje Jumatatu," Tabu aliagiza akiikunja karatasi. "Usije kabla."

Lakini mtu aliyeahidiwa pikipiki atawezaje kungoja Jumatatu? Jumamosi saa nne asubuhi Jamaldini alishuka kwenye lori pale Bahi, koti limepigwa pasi, muhuri mfukoni. Akaona turubai limetandwa, watu wamejaa kwenye mikeka, na masufuria ya wali yanafuka. Moyo ulimpasuka kwa furaha. Wamempikia! Tena kabla hajatoa hata ushauri mmoja.

Akajongea, akijiandaa kukataa heshima hizo kwa unyenyekevu. Ndipo akaiona picha yake juu ya meza, imezungukwa na maua. Kando ya meza mzee mmoja, Mzee Batholomeo, alikuwa ameshika karatasi yenye mihuri miwili.

"Alizaliwa Chemba," mzee alisoma. "Alisoma ng'ambo."

Jamaldini aligeuza macho kumtafuta aliyemwalika. Pale mbele Tabu, amejifunika kanga nyeusi mpaka machoni, alikuwa akilia kilio cha mjane.

Angepiga kelele kwamba yuko hai, nani angemzuia? Mkuu wa kituo cha polisi, kwa mfano, aliyekuwa mstari wa mbele akifuta machozi. Huyo angependa kujua udaktari umetoka wapi, na muhuri je. Jamaldini akaanza kurudi kinyumenyume.

"We bwana!" Mzee Batholomeo alimwita. "Mbona umefanana hivi na marehemu?"

"Shikamoo, mzee. Mimi... pacha wake."

"Shemeji!" Tabu alijitupa kifuani mwake kwa kilio kilichotetemesha turubai. Kisha akamnong'oneza sikioni: "Nilikuambia Jumatatu."

Pacha wa marehemu hakai nyuma. Walimpa karatasi amalizie kusoma. Akasoma, na kina mama wakalia, na mkuu wa kituo akapenga kamasi. Alipofika "alipenda watu wote" sauti ilimkatika, na si kwa maigizo. Aliona uchungu kweli. Yule Dakta alikuwa mtu mzuri kuliko yeye, na alikuwa amekufa bila kuishi hata siku moja.

"Na hilo koti," mzee alisema kwa upole, akilinganisha na picha, "si ndilo la marehemu?"

"Ndilo," alikiri Jamaldini.

"Basi mkabidhi mjane."

Akalivua mbele ya umati. Kisha, kwa kuwa shemeji ndiye mwanaume wa kazi, akampakilia mjane magunia ya mchele wa rambirambi, moja baada ya jingine, kwenye lori lile lile lililomleta. Tabu akapanda mbele, koti mapajani, muhuri ndani ya koti. Alipunga mkono kwa huzuni kubwa, na Bahi haikumwona tena.

Jumatatu Jamaldini aliingia kafe na shati tupu, akafuta wasifu wake wote. Akaandika upya: "Jamaldini Abdulkadiri ni karani aliyepunguzwa kazi. Yuko hai. Hana mke, hana koti, hana muhuri."

Bi Kuluthumu alisoma akiwa amesimama nyuma yake. "Huyu sasa namjua," alisema, akaenda kumhudumia mteja.

Jamaldini alisubiri afike mbali. Kisha akaongeza mstari mmoja, kwa sababu ulimuuma kweli: "Alikuwa na pacha, Dakta, aliyependwa sana Bahi."